Mwenye Duka na Hesabu Zake



Mwenye duka akiulizwa kama aijua kazi yake, aghalabu hujibu upesi kwamba aijua. Naye hasemi uongo. Ajua ni siku gani ya juma watu hununua unga kwa wingi, ajua jirani gani hulipa na yupi hupita njia ya nyuma, ajua sabuni ipi hupendwa mahali pale na ipi hukaa rafuni mpaka ikakauka. Lakini akiulizwa swali la pili, yaani mwezi uliopita duka lilimpa faida kiasi gani, jibu halitoki upesi. Atakuna kichwa, atatazama rafu, kisha atasema, "Biashara si mbaya." Maneno hayo hayana shilingi ndani yake. Hotuba hii yahusu nafasi iliyopo kati ya jibu la kwanza na jibu la pili, kwa sababu humo ndimo maduka mengi huzama.

Wenye biashara ndogo wapatikana wa namna mbili. Wa kwanza ni yule ajiaminiye kupita kiasi. Jioni afungua sanduku la fedha, aona noti zimejaa, moyo wafurahi. Kesho yake amnunulia mtoto viatu, achangia harusi ya binamu, atoa malipo ya kwanza ya pikipiki. Juma lifuatalo gari la muuza jumla laja na mzigo, na fedha za kuulipia hazipo. Hapo haushuku mkono wake mwenyewe. Humshuku kijana aliyeajiriwa kuuza, au hushuku jicho baya la jirani.

Wa pili ni yule asiyejiamini kabisa. Huyu mara nyingi ni mwanamke auzaye nyanya au nguo za mitumba, aliyeacha shule mapema, naye husema kwamba hesabu ni kazi ya makarani na watu waliosoma. Lakini akitazamwa kazini, mambo ni mengine. Anunua kreti ya nyanya, aigawa kwa macho kuwa mafungu makubwa na madogo, akadiria zitakazooza, atoza bei moja asubuhi na nyingine jua likishuka, na katika chenji hakosei hata shilingi tano. Makarani wengi wangeshindwa na hesabu ile. Akosacho mama huyu ni desturi ya kuiandika tu; na kwa kuwa haikuandikwa, hawezi kumwonyesha mtu, wala yeye mwenyewe hawezi kuitegemea.

Majivuno ya yule wa kwanza na woga wa huyu wa pili vyatoka katika upungufu mmoja. Wote wawili hawajapata kuyaweka yale wayajuayo mbele ya kitu kisichobembeleza, yaani tarakimu.

Hasara yake si ndogo. Utafiti wa Shirika la Taifa la Takwimu la Kenya uliotolewa mwaka 2016 ulihesabu biashara ndogo na za kati milioni 7.4, na katika hizo milioni 1.56 tu ndizo zilizokuwa na leseni. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba biashara kama milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika miaka 5 iliyotangulia. Wenyewe walipoulizwa sababu, iliyotajwa kuliko nyingine ilikuwa upungufu wa fedha za kuendeshea kazi. Jibu hilo ni la kweli, lakini halijakamilika. Siku ya kwanza fedha zilikuwapo, ndizo zilizojaza rafu. Zilikwenda wapi? Asiye na daftari hana pa kuliuliza swali hilo. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na maneno ya kuangaliwa sana katika methali hiyo ni yale ya mwisho. Mali ilipokuwa ikipotea, mwenyewe hakupata habari. Akaja kupata habari siku aliyodaiwa kodi ya chumba, wakati kipande cha shamba kilichouzwa kwa ajili ya mtaji hakiwezi kurudi tena, na karo ya mtoto imekwisha kuliwa na rafu.

Wala mafunzo ya hesabu kwa wenye maduka si jambo la juzi. Chuo cha Jeanes, kilichofunguliwa Kabete mwaka 1925 kwa ajili ya walimu, baada ya Vita Kuu ya Pili kilipokea pia wenye maduka Waafrika waliokuja kujifunza kuandika hesabu. Mwaka 1961 mahali pale pakageuzwa kuwa Chuo cha Utawala cha Kenya. Lakini katika enzi hizo hizo za ukoloni palikuwa na sheria iliyosema kwamba aliyemkopesha Mwafrika zaidi ya Sh. 200 bila idhini hakuweza kumdai mahakamani. Ilielezwa kuwa ni sheria ya kumlinda. Matokeo yake yalikuwa kwamba mwenye duka alifundishwa hesabu darasani, na huko nje akanyimwa mkopo ambao angeuzoelea. Mtu hajifunzi kuogelea ikiwa amekatazwa mto. Basi wazee wengi walizoea biashara ya fedha mkononi, iliyotunzwa kichwani, na watoto wao wakairithi ilivyo.

Sasa chukuliwe mfano wa gunia moja la sukari, la kilo 50. Bei zitakazotajwa ni za mfano tu, kila mtu aweke za kwao. Gunia limenunuliwa kwa Sh. 7,000, na sukari yauzwa robo kilo kwa Sh. 40, ndiyo kusema kilo moja kwa Sh. 160. Mwenye duka apiga hesabu kichwani: kilo 50 mara 160 ni Sh. 8,000. Faida ni Sh. 1,000. Hesabu hiyo ni safi, naye ailala usiku kucha akiwa na furaha.

Lakini gunia halikuja lenyewe. Pikipiki ililipwa Sh. 200. Karatasi za kufungia ziligharimu Sh. 100. Katika kupima robo baada ya robo, mkono huzidisha kidogo, na nyingine humwagika. Kilo moja imekwenda hivyo, nayo ni Sh. 160. Iliyobaki katika ile elfu moja ni Sh. 540. Tena nyumbani watu wanakunywa chai. Mtoto atumwa dukani kwa baba yake na kikombe, leo robo, keshokutwa robo, na mwisho wa gunia zimekwenda kilo 3, ambazo ni Sh. 480. (Sukari ya mwenye duka hunyweka upesi kuliko ya mteja.) Kilo 46 zilizouzwa zimeleta Sh. 7,360, gharama ya gunia, pikipiki na karatasi ni Sh. 7,300. Katika sanduku faida ni Sh. 60, na kodi ya chumba haijalipwa bado.

Hapa hapana mwizi. Kijana wa kuuza hakuiba, jirani hakuroga. Nyumba imepata sukari yake, jambo ambalo ni halali kabisa, ila mwenye duka aendelea kuamini kwamba ana Sh. 1,000 na kuzitumia. Dawa yake si kuwanyima watoto chai. Dawa ni kuandika kilo zile 3 kama bidhaa zilizochukuliwa na mwenyewe, na kujiwekea mshahara maalumu, hata ukiwa mdogo, ambao ndio utakaonunua vitu vya nyumbani. Duka na nyumba ni kama ndugu wawili wapendanao: hukaa kwa amani zaidi kila mmoja akiwa na chungu chake.

Jambo la pili ni deni, na hapa ndipo ujuzi wa mwenye duka hujaribiwa kuliko mahali pengine popote. Kukopa arusi, kulipa matanga. Kila duka lina ubao wake usemao kwamba leo hakuna mkopo, na nyuma ya ubao huo lina orodha ya waliokopa. Haiwezekani kukataa wote. Mwalimu hulipwa mwisho wa mwezi, mkulima wa chai hungoja malipo ya kiwanda, na shangazi ni shangazi. Anayekataa kukopesha kabisa huwapoteza wateja wema pamoja na wabaya. Kosa la wengi ni kuyaona madeni yote kuwa sawa na fedha. Sukari ya kilo 5 iliyokopeshwa ni Sh. 800 zilizoandikwa, lakini zikiwa hazijalipwa, faida ya gunia zima imekwisha kuliwa, na sehemu ya mtaji pia. Mwenye duka mwangalifu huandika tarehe kando ya kila deni. Deni la juma moja ni deni. Deni la miezi mitatu laelekea kuwa zawadi, nalo lisihesabiwe tena kwamba ni mali. Aonaye jumla ya madeni imepita kiasi cha fedha ziwezazo kununua mzigo ujao, huyo hana budi kusimamisha ukopeshaji hata kwa shangazi, na daftari humpa maneno ya kumwambia. Ni rahisi zaidi kumwonyesha mtu ukurasa kuliko kumwonyesha uso wa hasira.

Kuna hasara nyingine ambazo ni ndogo hata mwenyewe hazioni. Mwaka 2014 walichapisha matokeo yao watafiti waliochunguza biashara ndogo za Kenya juu ya jambo moja tu, yaani chenji. Mteja aja na noti kubwa, mwenye duka hana chenji, mteja aenda kwingine. Au biashara hufungwa dakika chache mtu akitafuta chenji kwa majirani. Walikadiria kwamba kwa njia hiyo wenye biashara walipoteza asilimia 5 hadi 8 ya faida. La ajabu ni kwamba wengi wao walianza kujiwekea chenji ya kutosha kwa sababu ya kuulizwa tu kila juma wamepoteza wateja wangapi. Hawakupewa fedha. Waliulizwa, wakahesabu, wakaona. Huo ndio ujuzi uliokuwa umelala karibu nao siku zote.

Fedha za simu zimepunguza taabu hiyo. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na huduma ya kulipia dukani kwa nambari ya duka ilifuata mwaka 2013. Simu huandika kila kitu na haisahau. Lakini mwenye duka atumiaye nambari moja kwa malipo ya wateja, mchango wa mazishi, na fedha za kumtumia mama yake kijijini, amechanganya maji na mafuta katika mtungi mmoja. Karatasi ya hesabu itokayo katika simu hiyo yaonyesha mambo mengi, isipokuwa faida ya duka. Nambari ya duka iwe ya duka.

Sasa kuhusu mkopo. Wako wanaokopa bila kufikiri, na wako wasiokopa hata ingewafaa, na hapa pia gunia la sukari laweza kutoa jibu. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa Sh. 7,000 ada hiyo ni Sh. 525. Yule ambaye gunia lake lampa Sh. 540, na ambaye huuza gunia moja kwa mwezi, akikopa atabaki na Sh. 15, amefanya kazi mwezi mzima kwa ajili ya mkopeshaji. Lakini mwenzake auzaye gunia katika siku 10, akinunua jingine kwa fedha zile zile, kwa mwezi amepata mara tatu, yaani Sh. 1,620, na baada ya kulipa ada abaki na Sh. 1,095. Mkopo ni ule ule, ada ni ile ile, sukari ni ile ile. Tofauti ni siku ambazo mali hukaa dukani, na siku hizo hazijulikani kwa kutazama rafu. Huyu wa pili aweza kusimama mbele ya mkopeshaji na kusema kwa nini akopa, atalipa lini na kwa nini. Na akikataliwa, atajua kwamba si hesabu yake iliyokosea.

Wengine watauliza kama mafunzo yana faida yoyote, kwa maana semina zimekuwa nyingi, na waendao wengi hukumbuka chakula cha mchana tu. Swali hilo ni la haki. Katika Kakamega, Kisii, Embu na Kitui, wanawake wenye biashara ndogo 3,537 walishirikishwa katika utafiti juu ya mafunzo ya siku 5 ya Shirika la Kazi Duniani. Wengine walifundishwa, wengine hawakufundishwa. Baada ya miaka 3, waliofundishwa walikuwa wakiuza asilimia 18 zaidi, na faida yao ilikuwa juu kwa asilimia 15, wala haikuonekana kwamba waliwanyang'anya jirani zao wateja. Huko Lomé, nchini Togo, wenye biashara 1,500 walitumiwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Waliofundishwa moyo wa kuanza jambo kabla ya kusukumwa, kupanga mbele na kushika shauri wakati wa shida, faida yao ilipanda kwa asilimia 30. Waliopewa mafunzo ya kawaida ya biashara, kwa asilimia 11 tu. Wapendao kusema kwamba moyo hauna kazi katika biashara wangefaa kuitazama habari hiyo, ijapokuwa moyo usio na daftari ndio ule wa yule bwana wa pikipiki.

Habari ya Dandora, Nairobi, yafaa kukawia kidogo. Huko wanawake vijana wenye biashara waligawanywa: wengine wakaketi darasani, wengine wakapewa kila mmoja mama mzoefu wa biashara wa mtaa ule ule, wawe wakionana na kuzungumza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Darasa halikuongeza faida. Wale waliopata mama wa kuwaongoza, faida yao ilipanda kwa kama asilimia 20, hasa kwa kuwa walionyeshwa mahali pa kununua mali kwa bei nafuu, jambo ambalo halimo katika kitabu cha mwalimu yeyote. Tena walipoacha kuonana, faida ile ilipungua kidogo kidogo ikarudi ilikokuwa. Kwa hiyo mwenye duka mzee, ambaye pengine hujiona kuwa hakusoma, ana hazina ambayo watu wa mtaa wake waihitaji, na pengine hakuna aliyepata kumwomba.

Hata mashine zimeanza kutoa mashauri. Katika utafiti mmoja, wenye biashara wa Kenya walipewa mshauri wa akili bandia kwa njia ya WhatsApp. Wale ambao biashara zao zilikuwa zikienda vizuri tangu mwanzo walipata faida zaidi kwa kama asilimia 15. Wale waliokuwa wakienda vibaya walishuka kwa kama asilimia 8. Mashine ilikuwa moja. Ajuaye hesabu zake hulipima shauri kabla ya kulifuata. Asiyezijua huambiwa apunguze bei, akaipunguza ile ile iliyokuwa ikimpa Sh. 60.

Basi, kwa mtu atakaye kuanza, daftari la shule latosha. Achague usiku mmoja, afunge mlango, ahesabu mali yote rafuni na nyuma ya mlango kwa bei aliyonunulia, wala asitumie ile anayouzia. Aongeze fedha za sandukuni, na zilizo katika simu ya duka, na madeni ambayo ana hakika yatalipwa. Katika jumla hiyo atoe yote anayodaiwa na wauza jumla na wakopeshaji. Kinachobaki ndicho mtaji wake, aandike na tarehe. Kisha kila siku aandike alivyochukua kwa ajili ya nyumba, iwe sukari au fedha. Baada ya mwezi mmoja, usiku kama ule, ahesabu tena. Kiasi ambacho mtaji umeongezeka, pamoja na jumla ya vitu vilivyokwenda nyumbani, ndiyo faida ya mwezi. Na ikiwa aliongeza fedha nyingine kutoka shambani au kwa ndugu, azitoe humo kwanza. Mtaji ukiwa umepungua, atoe upungufu huo katika vitu vilivyokwenda nyumbani, naye ataona kama nyumba imekula zaidi ya iliyoletwa na duka. Kwa duka la rafu nne kazi hiyo huchukua saa mbili au tatu, na ni afadhali ifanywe na watu wawili, mmoja akihesabu kwa sauti na mwingine akiandika.